JICHO LISILOUMA NALO LATAKA RUHUSA



Katika gazeti letu hili mmezoea kusoma khabari za mishahara, nyumba na saa za ziada. Leo twaandika juu ya macho, na msidhani kwamba tumeacha kazi ya chama tukajifanya madaktari. Khabari hii ni ya kazi toka mwanzo hadi mwisho.

Mwenzetu mmoja ni mwendeshaji wa foklifti katika godauni. Ametupa ruhusa tueleze yaliyompata, lakini jina lake hatutalitaja, wala la kampuni. Ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na anameza dawa zake kama alivyoagizwa. Siku moja kule kliniki muuguzi akamwambia aende hospitali kubwa akapimwe nyuma ya macho. Akaenda kwa nyapara wake kuomba siku moja. Nyapara akamwuliza, "Macho yanakuuma?" Akajibu, "Hayaumi." "Basi huoni vizuri?" "Naona vizuri." "Sasa kama huumwi na unaona, ruhusa ya nini?" Mwenzetu akarudi kwenye mashine yake. Mwaka uliofuata akaomba tena, akajibiwa vile vile, naye akachoka kuomba.

Alikuwa mtu mkweli, na ukweli huo ndio uliomponza. Angalisema macho yanawaka moto angalipewa siku ile ile.

Asubuhi moja aliamka akaona kama moshi mweusi na nyuzi nyuzi zinaelea mbele ya jicho la kushoto. Alidhani ni uchafu, akanawa. Mchana ule moshi ukawa wingu. Alipofika hospitali aliambiwa kwamba damu imevuja ndani ya jicho, na kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza zamani. Jicho la kulia nalo lilikuwa njiani, lakini hilo likawahiwa kwa mwali wa leza, na mpaka leo analitumia kusomea gazeti hili. La kushoto laona mkono ukipita na basi. Foklifti amenyang'anywa, sasa anafagia godauni lile lile kwa mshahara mdogo zaidi. Shauri lake la mshahara liko mikononi mwa tawi na hatutalisema zaidi hapa.

Sasa tueleze huo ugonjwa na hiyo leza, maana tumesikia maneno mengi ya uongo yakizungushwa kwenye kantini.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Hapo ndipo picha ya kila tunachokiona huangukia. Utando huo hulishwa na mishipa ya damu midogo mno. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, mishipa ile huharibika: mingine huvuja maji, mingine huziba. Sehemu ya retina iliyonyimwa damu hulia njaa, na kilio chake huotesha mishipa mipya. Ungedhani hiyo ni khabari njema, lakini sivyo. Mishipa mipya ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, na baadaye hufanya makovu ambayo huivuta retina na kuibandua kama rangi inavyobanduka ukutani. Na katika siku zote za mwanzo mgonjwa haoni dalili yo yote. Hakuna maumivu, hakuna wekundu, barua anasoma, nati anafunga. Ndiyo sababu yule nyapara aliuliza maswali yasiyofaa kabisa.

Leza ni mwanga uliokusanywa ukawa mwali mmoja mwembamba wenye nguvu. Daktari huuelekeza kwenye kingo za retina, mbali na pale katikati panaposomea, akachoma madoa madogo madogo. Kwa ugonjwa uliofika kwenye mishipa mipya, kazi nzima ya jicho moja huwa kama madoa 1,200 hadi 1,600, kwa kawaida katika siku zaidi ya moja. Sehemu iliyochomwa haiombi tena damu nyingi, basi kile kilio cha njaa hupungua, na mishipa mibaya hunyauka. Ni kama mkulima mwenye maji machache anayeacha shamba la pembeni likauke ili lile la katikati liishi. Hayo si maneno matamu, lakini ndiyo kazi yenyewe ilivyo, na twapendelea mwanachama aijue kabla ya kukaa kwenye kiti.

Maarifa haya yalianzia kwenye jua. Mwaka 1945 jua lilipatwa huko Ulaya, na daktari wa Ujerumani, Gerhard Meyer-Schwickerath, akaona jinsi mtu aliyelitazama bila kinga alivyoungua nyuma ya jicho. Mwingine angalisikitika tu. Yeye alifikiri kwamba moto huo ukiongozwa waweza kutibu, akauteremsha mwanga wa jua kwa vioo kutoka juu ya nyumba hadi kwenye jicho la mgonjwa. Mawingu yakija kazi ilisimama. Miaka ya 1950 akapata taa kubwa badala ya jua. Mwaka 1960 Theodore Maiman wa Marekani akaiwasha leza ya kwanza, na kabla ya miaka kumi kupita madaktari walikuwa wakiitumia kwa macho ya wagonjwa wa sukari.

Je, yafaa? Wamarekani walichukua wagonjwa zaidi ya 1,700, kila mmoja akatibiwa jicho moja na la pili likaachwa, ili tofauti ionekane. Mwaka 1976 walitangaza kwamba jicho lililochomwa lilikuwa na hatari ya kupofuka iliyopungua kwa zaidi ya nusu. Tofauti ilikuwa wazi kiasi cha kwamba walibadilisha mpango wao, macho yaliyoachwa nayo yakaruhusiwa kutibiwa. Tangu hapo miaka imepita hamsini.

Wapo wanaosema leza imepitwa na wakati kwa sababu sasa kuna sindano za dawa zinazochomwa ndani ya jicho. Ni kweli sindano ni nzuri. Kwa uvimbe wa katikati ya retina sasa ndizo hutangulia, na mwaka 2015 ilionekana kwamba hata kwa mishipa mipya hazishindwi na leza. Lakini sindano hurudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni. Mwaka 2019 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wa mishipa mipya waliopewa sindano peke yake, wakapotea kwa miezi sita na zaidi, waliharibikiwa kuliko waliochomwa leza wakapotea vile vile. Mwanachama apime mwenyewe: mtu aliyenyimwa siku moja kwa mwaka atapewa siku kumi na mbili? Kwa mfanyi kazi wa kawaida wa nchi hii leza ingali na thamani yake, kwa kuwa kazi yake hudumu hata nauli ikikosekana. Shauri la ipi itumike ni la daktari na mgonjwa. Letu ni kuhakikisha kwamba mgonjwa anafika.

Maneno mengine ya kantini ni kwamba leza hupofusha. Asili yake twaijua. Watu huenda wakiwa wamekwisha kuchelewa, jicho likaendelea kufifia, nao wakailaumu mashine. Leza hairudishi macho yaliyokwisha kupotea. Inalinda yaliyobaki. Yule anayengoja mpaka asione ndipo aende, ameipelekea leza kazi isiyo yake. Ila tusifiche madhara. Aliyechomwa sana kingoni hupungukiwa na kuona pembeni, na usiku haoni kama zamani. Wapo wanaosikia maumivu wakati wa kuchomwa, na hao waseme, kwani daktari ana njia za kuyapunguza.

Na hapa ndugu zetu madreva watusikilize vizuri. Dreva wa lori la usiku aliyetibiwa huenda asifae tena kwa usiku. Hatutamtetea aendelee kuendesha gizani akaue watu barabarani na yeye mwenyewe. Tutakalotetea ni ahamishiwe zamu ya mchana au kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara, maana kama atajua kwamba kutibiwa ni kupoteza mkate, hatatibiwa. Ataficha. Twawajua wanaoficha hivi sasa: hukariri namba za magari, huomba utingo awasomee vibao, hununua miwani ya barabarani moja baada ya nyingine. Miwani haisaidii kitu kwa ugonjwa wa retina.

Sheria yasemaje? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanyi kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Lakini lazima alete cheti cha daktari kwamba hawezi kufanya kazi. Sasa mtu anayekwenda kupimwa jicho lisilouma, je, hawezi kazi? Asubuhi ile anaweza. Cheti atakipata wapi? Hili ndilo tundu ambalo mwenzetu alitumbukia ndani yake, na halikuchimbwa na tajiri peke yake. Sisi wa chama tumekaa mezani mara nyingi, tukadai sabuni, makoti ya mvua na mabuti, tukapata, tukafurahi. Hatukudai siku ya macho. Twakiri kosa.

Matajiri watasema kwamba kupima macho ni nusu saa, mtu aende saa ya chakula. Si hivyo. Mgonjwa hutiwa dawa ya matone ili mboni ifunguke, na kwa saa kadhaa baadaye huona ukungu na jua humuumiza. Mtu wa hali hiyo hawezi kuendesha gari, wala kusimama kwenye mashine ya kukata. Tena mashine za leza hazipo kila mji. Ziko katika hospitali chache kama Kenyatta na Kikuyu, na mtu wa mbali asafiri usiku. Kwa hivyo twasema siku, wala si saa.

Watasema tena kwamba siku hizo ni hasara. Basi watueleze kwa nini foklifti yenyewe hupelekwa kukaguliwa ikiwa inatembea vizuri. Hakuna nyapara anayeiuliza kama inaumwa. Na wasitazame mbali: huko Uingereza na Wales ugonjwa huu wa sukari ya macho ulikuwa unaongoza kwa kupofusha watu wa umri wa kazi kwa muda wa miaka hamsini. Kuanzia 2003 Uingereza ilianza mpango wa kuwapima wagonjwa wa sukari kila mwaka, na hesabu za 2009 hadi 2010 zilionyesha kwamba umekwisha kuondoka nafasi ya kwanza. Waliotazama hesabu hizo waliutaja mpango huo kuwa mojawapo ya sababu.

Kwa hivyo katika mapatano yajayo Halmashauri yataka chama kidai haya. Kila mwanachama mwenye ugonjwa wa sukari apate siku moja nzima kwa mwaka, kwa mshahara kamili, ya kupimwa retina, na karatasi ya miadi ya kliniki itoshe bila cheti cha ugonjwa. Akionekana anahitaji leza au sindano, siku za matibabu zihesabiwe kama za ugonjwa hata akiwa anaona. Na asiyeweza tena kazi yake ya kwanza ahamishwe kwa mshahara ule ule. Akina mama wenye sukari wakishika mimba wapimwe mapema na zaidi ya mara moja, kwa kuwa mimba huweza kuuharakisha ugonjwa huu; twataka hilo liandikwe peke yake, lisiachiwe huruma ya nyapara.

Juu ya fedha: tangu Oktoba 2024 kila mshahara hukatwa 2.75 kwa mia kwa ajili ya SHA. Fedha hizo ni zetu. Kabla ya siku ya matibabu mwanachama aulize hospitali ni kiasi gani kitalipwa na ni kipi kitamwangukia, na jibu alete kwa Katibu, hasa likiwa baya. Mezani twahitaji karatasi, manung'uniko hayahesabiwi.

Neno moja kwetu wenyewe. Leza haichukui mahali pa kutunza sukari na presha. Chai ya kantini ya saa nne imekuwa asali yenye rangi ya chai, na soda juu yake. Mwenye kujijua amwambie mpishi atenge birika lisilotiwa sukari. Tumekwisha kusema naye, naye amekubali, ijapokuwa alicheka.

Wanachama wote wenye ugonjwa wa sukari wampe mwakilishi wao wa kazini mambo mawili tu: mwaka walioambiwa wana ugonjwa, na mwaka waliopimwa retina mara ya mwisho. Asiyewahi kupimwa aandike "bado". Majina hayatapelekwa kwa tajiri, hesabu tu ndiyo itakayokwenda. Karatasi zimfikie Katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, kwa sababu siku ya pili yake tunaketi na kampuni.