Taa ikiwaka, usikimbilie duka la spea!

Wadau, kuna sentensi moja ambayo karibu kila mwenye pikapu ya zamani yenye EFI ameshaisikia gereji: "Bosi, hiyo sensa imekufa, toa hela tukanunue nyingine." (Sensa ninayosema hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kile kidude kinachoipa kompyuta ya injini habari za joto, hewa na moshi.) Fundi ameona taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, amesoma namba, basi, kesi imekwisha.

Mimi nasema kesi haijaisha. Ndiyo kwanza imefunguliwa.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu hela inayopotea ni ya watu wa kawaida. Pikapu za mwanzoni mwa miaka ya 90 bado zinabeba mchicha, kuku na saruji, na zinasomesha watoto. Mjomba wangu anayo moja. Gereji fulani hapa mjini (jina kapuni) walimbadilishia sensa mbili ndani ya mwezi mmoja na taa ikaendelea kuwaka kama kawaida. Ugonjwa wenyewe? Plagi ya waya iliyoota kutu. Ilisafishwa na kukazwa, taa ikazima. Sensa zile mbili hakuna aliyerudisha hela yake.

Sasa tuende kwenye somo lenyewe. Chukua Toyota pikapu yenye injini ya 22R-E, ile iliyouzwa sana Marekani hadi mwaka 1995. Huhitaji mashine ya kupimia. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Injini ikiwa imepata moto, zima kila kitu: kiyoyozi, redio, taa. Weka gia nyutro na usiguse pedali ya mafuta. Unganisha tundu la TE1 (kwenye baadhi limeandikwa T) na la E1 kwa kipande cha waya. Washa swichi bila kupiga stata, halafu angalia taa ya injini.

Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, kompyuta inasema haina malalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22. Ikipepesa mara nne, ikatulia, ikapepesa mara moja, hiyo ni 41. Kama namba ni zaidi ya moja zitapangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa, kisha zinarudiwa. Chukua kalamu uandike. Na tafadhali, usichomeke waya kwa kubahatisha, maana baadhi ya matundu ya kiboksi kile yana moto wa betri.

Rahisi, sivyo? Tatizo linaanzia kwenye tafsiri.

Namba 22 inahusu joto la maji ya injini. Wengi wanaisoma hivi: "sensa ya joto imekufa." Lakini kompyuta haijasema hivyo! Inachokiona ni umeme tu. Imeona saketi ile imekatika au imepiga shoti. Inaweza kuwa sensa. Inaweza kuwa waya uliotafunwa na panya, au plagi iliyolegea. Mara chache sana inaweza kuwa kompyuta yenyewe. Watuhumiwa wako kadhaa na fundi amemkamata mmoja kwa sababu jina lake ndilo lililotajwa.

Na kuhakikisha si kazi kubwa. Kwa kipima umeme cha kawaida, kile cha mafundi redio, sensa nzima ya joto ya Toyota hizi inatoa takriban omu 2,000 hadi 3,000 ikiwa na joto la nyuzi 20, na inashuka hadi omu 200 mpaka 400 hivi ikifika nyuzi 80. Ikitoa hizo, sensa haina kosa, fuata waya. Dakika kumi tu. Hata nusu saa haifiki.

Mfano mwingine unaonifurahisha ni namba 51. Hii inaweza kujitokeza kwa sababu tu umepima huku kiyoyozi kimewashwa au mguu uko kwenye pedali ya mafuta. Yaani ukiuliza vibaya, unajibiwa vibaya! Sisi waandishi tunalijua hilo vizuri.

Ndiyo maana nasema namba ile ni chanzo cha habari, na chanzo kimoja hakitoshi. Mhariri wangu hawezi kuchapa habari kwa sababu mtu mmoja kanipigia simu. Ataniuliza, nani mwingine kathibitisha? Fundi naye aulizwe swali hilo hilo.

Tena kuna mambo taa haiyajui kabisa. Valvu iliyoungua haina namba. Kadhalika zile gaidi za plastiki za cheni ya 22R-E, ambazo zinajulikana kwa kuvunjika na kuiacha cheni ikigonga. Hapo unahitaji fundi mwenye masikio. Na kama pikapu yako ni dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, ukiambiwa "tumeipima kwa kompyuta", uliza kompyuta ipi!

Najua wapo watakaosema, "Dogo, mafundi wetu wanajifunza mtaani, usiwaonee." Sina ugomvi nao. Fundi mzuri wa mtaani namheshimu kuliko mwenye mashine ya bei mbaya asiyejua kuuliza. Lakini kujifunzia mtaani hakumzuii mtu kupima kabla ya kuuza. Na sisi wenye magari tuna lawama zetu. Tunataka jibu la dakika tano, kisha tunashangaa tukiuziwa jibu la dakika tano.

Jambo la mwisho ni la haki ya kupata habari. Zamani kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Toyota waya, baadhi ya Dodge na Jeep ukiwasha na kuzima swichi mara tatu taa inaanza kuongea. Mwaka 1996 Marekani ikalazimisha magari madogo yote mapya yatumie mfumo mmoja, OBD-II. Ulaya ikafuata, magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Bado vita haikuisha. Mwaka 2012 wananchi wa jimbo la Massachusetts walipiga kura ili gereji za kawaida zipate habari zile zile wanazopata mawakala wa kampuni, na mwaka 2020 wakapiga kura tena, safari hii kwa habari ambazo gari linazirusha hewani. Wenzetu wanapigania kwenye sanduku la kura kitu ambacho mwenye pikapu ya 1993 anakipata kwa kipande cha waya. Sisi tunacho mkononi na hatukitumii!

Kwa hiyo ukienda gereji uliza maswali matatu. Namba gani imetoka? Umepima nini zaidi ya hiyo namba? Na kipimo kimesema nini? Akikasirika, chukua funguo zako uondoke. Baada ya matengenezo, fyuzi ya EFI itolewe kwa nusu dakika au zaidi ili kumbukumbu ifutike, uendeshe gari, kisha usome upya. Namba ile ile ikirudi, hakuna kilichotengenezwa.

Naomba kutoa hoja. Wadau, mnasemaje?