GPA ya 2.9 na mlango wa udaktari: hesabu ambayo vijana hawaambiwi

Makamanda, leo tuache kidogo habari za majukwaani, tuongee hesabu.

Kuna dogo mmoja mtaani kwetu ni ofisa tabibu, yuko zahanati. Stashahada yake alimaliza na GPA ya 2.9. Mwongozo wa TCU unasema ukitokea stashahada ya utabibu kwenda kusomea Udaktari wa Binadamu, uwe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Kwa hiyo dogo yuko nje. Nikamuuliza ilikuwaje. Akanijibu, "Kaka, mi nilijua wanajumlisha tu halafu wanagawa."

Hawajumlishi tu wakagawa. Kwenye stashahada A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Kila somo lina krediti zake. Unazidisha pointi za somo kwa krediti zake, unajumlisha zote, ndipo unagawa kwa jumla ya krediti. Chukua masomo mawili, moja la krediti 12, jingine 6. Ukipata C kwenye la 12 na B+ kwenye la 6, unapata 24 na 24, yaani 48. Gawa kwa 18, ni 2.66. Sasa geuza, B+ kwenye kubwa na C kwenye dogo: 48 na 12 ni 60, gawa kwa 18, unapata 3.33. Herufi ni zilezile! Mmoja anaomba udaktari, mwingine hata fomu hajazi.

Sina ugomvi na krediti zenyewe. Somo kubwa libebe uzito mkubwa, sawa. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto wa mkulima anakesha akisoma somo jepesi ili "apandishe wastani", na hakuna aliyemkalisha chini mwaka wa kwanza kumwonyesha hesabu hii. Anakuja kuijua siku anashika transkripti mkononi, ada imeshalipwa yote.

Mwenzake wa kidato cha sita hapigiwi wastani kabisa. Kwake ni jumla ya pointi za Fizikia, Kemia na Baiolojia, kima cha chini 6, yaani D tatu. (Hapo ukumbuke Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa pointi 1 kwenye divisheni, TCU wanaihesabu 5. Huku pointi chache ndiyo sifa, kule nyingi. Mzazi kijijini ataelewa saa ngapi?)

Na serikali hii ya CCM ndiyo mabingwa wa kuchezea herufi. Wakaleta GPA sekondari, mwanzoni mwa 2016 Waziri Ndalichako akaagiza turudi kwenye divisheni. Matokeo yake, kwa TCU C ya kidato cha sita 2015 ni pointi 2, C ya 2016 ni pointi 3. Ilibidi iwe hivyo kwa sababu madaraja yalikuwa yamebadilishwa, lakini aliyebadilisha hakuwa mwanafunzi.

Najua kuna watakaosema tunataka madaktari vilaza. Hapana. 3.0 ibaki. Ila kila chuo cha afya kibandike krediti za kila somo na mfano wa hesabu, kwa Kiswahili, siku ya kwanza ya muhula. Na ofisa tabibu mwenye 2.9 aliyehudumia wagonjwa miaka mitano apewe mtihani wa kujipima, akifaulu aingie kwenye ushindani kama wengine. Leo uzoefu wake wote hauna pointi hata moja, wakati D ya Hesabu ya kidato cha nne bado anadaiwa.

Wabunge wetu waliulize hili bungeni kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Na wewe uliyeko chuoni sasa hivi, kesho asubuhi nenda ofisi ya taaluma, omba orodha ya krediti za masomo yako.