Hawapo, au Hawajasema?

Makambako ni mji wa wapita njia. Reli ya TAZARA inapita hapo, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, na ile ya Njombe na Songea inachepukia hapo hapo. Abiria hushuka, hujifunika makoti na vitenge kwa sababu ya baridi, hunywa chai, huzungumza. Na katika mazungumzo hayo, kama yalivyo ya kwenye vilabu vya ulanzi na kwenye njia ya kwenda misheni ya Kidugala, kuna neno moja ambalo husemwa bila mtu kudai ushahidi: watu wanaowapenda wa jinsia yao hapa kwetu hawapo. Wako Ulaya. Wako kwenye runinga. Wakizidi sana, wako Pwani. Nyanda za Juu ni nchi ya jembe na shoka, na mwanamume anayepasua mbao hawezi kuwa hivyo.

Imani hiyo si kweli. Na kuna mchezo mmoja, ambao wengi wa Kidugala hawajawahi kuuona ukichezwa, unaoonyesha vizuri jinsi uongo wa namna hii unavyotengenezwa.

Ni mchezo wa ubao wenye magurudumu manne, sketibodi. Seremala wa Njombe angeuelewa mara moja, maana ubao wenyewe ni matabaka saba membamba ya mbao yaliyogundishwa na kukandamizwa mpaka yakapinda kidogo ncha zote mbili. Mchezaji huruka nao juu ya ngazi, huteleza nao kwenye vyuma vya kushikia, na akikosea huangukia zege. Mifupa huvunjika. Huko Marekani ulikozaliwa, vijana wake walijivunia mambo mawili kwa pamoja: kwamba mchezo wao unampokea kila aliyekataliwa kwingine, na kwamba wao ni wanaume wa shoka. Kwa miaka mingi hapakuwa na jina kubwa hata moja lililosema hadharani, "Mimi ni shoga." Basi ikachukuliwa kuwa hakuna.

Brian Anderson alikuwamo muda wote huo. Mtu mrefu, mwenye ndevu na michoro mwilini, mwenye kuruka kwa nguvu mpaka wenzake wakamwogopa. Mwaka 1999 jarida la Thrasher, ambalo wachezaji hulichukulia kama mahakama yao ya mwisho, lilimtangaza kuwa Mchezaji Bora wa Mwaka. Picha yake ilibandikwa kwenye vyumba vya vijana ambao mdomoni mwao tusi la kwanza kumtupia mwenzao aliyeanguka lilikuwa lile lile linalomhusu yeye. Septemba 2016, akiwa na miaka 40, alikaa mbele ya kamera ya rafiki yake wa siku nyingi, mpiga picha Giovanni Reda, akasema kuwa ni shoga. Alieleza kwamba alilisikia tusi hilo tangu utotoni, tena na tena, mpaka akaamini kwamba kusema ni hatari. Alieleza pia kwamba hasira ya kujificha ndiyo iliyomfanya awe mkali juu ya ubao. Ule ukali ambao watu waliuchukua kuwa uthibitisho kwamba yeye si shoga ulichochewa, kwa sehemu, na kuuficha ushoga wenyewe.

Hapo ndipo hoja ya kilabuni inapovunjika. Wanaosema "ningemtambua" wanadhani kuna dalili: sauti, mwendo, mkono ulegeao. Anderson alitazamwa kwa karibu miongo miwili na watu waliomfuatilia kwenye video, wakarudia kila mruko wake polepole. Hawakuona kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona.

Na kwa nini alinyamaza muda wote huo? Jibu liko kwa Tim Von Werne. Huyu, mwishoni mwa miaka ya 1990, alikuwa kijana mwenye kipaji aliyekuwa anaelekea kuwa mchezaji wa kulipwa. Alizungumza waziwazi juu ya maisha yake katika mahojiano na jarida moja. Mahojiano yakazuiwa, hayakuchapwa, naye akauacha ule mchezo kama kazi. Watu wa ndani walijua. Kila kijana aliyekuwa na siri kama yake alijifunza somo bila kufundishwa. Kwa hiyo waliokuwa wakisema "hawapo" ndio waliokuwa wamewaziba watu midomo, kisha wakauchukua ukimya huo wakaufanya ushahidi.

Mlango ulipofunguka, waliotoka hawakuwa mmoja wala wawili. Leo Baker, aliyekuwa akishinda mashindano makubwa ya wanawake, alijiondoa kwenye timu ya Olimpiki ya Marekani mwaka 2020 kwa sababu hakutaka tena kushindana chini ya jina na jinsia visivyo vyake. Kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021 na ambako sketibodi ilichezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, Mmarekani Alexis Sablone, ambaye yuko wazi kwamba anapenda wanawake, alishika nafasi ya nne akiwa na miaka 34, katika fainali ambayo medali ya dhahabu ilichukuliwa na msichana wa Kijapani wa miaka 13.

Katika fainali hiyo hiyo alikuwamo Margielyn Didal wa Ufilipino, na huyu anastahili kuangaliwa vizuri na msomaji wa Makambako. Baba yake ni seremala. Mama yake aliuza vyakula vya kukaanga barabarani katika mji wa Cebu. Alijifunza kwa ubao wa kuazima, akafukuzwa na walinzi kwenye maegesho, na mwaka 2018 akaleta dhahabu ya Michezo ya Asia nyumbani. Anapenda wanawake na hafichi. Huyu si Mzungu. Ni mtoto wa watu wa randa na karai, kama walivyo watoto wengi wa mkoa wa Njombe.

"Mambo ya Wazungu" ni nusu ya pili ya imani hii, nayo haisimami hata kwa lugha tunayoisemea. Mwaka 1899 mtaalamu wa Austria, Michael Haberlandt, aliandika kuhusu wapenzi wa jinsia moja Zanzibar, na neno aliloliandika kuwa la wenyeji lilikuwa la Kiswahili: mke-si-mume. Watu hawatungi neno la kitu wasichokijua. Kilichokuja na meli ni kifungu cha sheria. Katazo lililomo katika kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu liliandikwa na watawala wa Kiingereza. Bunge la Tanzania likaja kuikaza adhabu yake mwaka 1998 hadi kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30.

Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na akawaomba wananchi wamletee majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilisema huo ulikuwa msimamo wake binafsi, si wa serikali. Lakini kabla ya hapo Makonda mwenyewe alisema amepokea maelfu ya ujumbe. Nchi ambamo watu hawa hawapo haiwezi kuleta majina ya jirani, binamu na mpangaji mwenzao ndani ya siku mbili tatu. Wananchi walijua. Wamekuwa wakijua siku zote.

Hapa jirani, katika mtaa wa Kitintale jijini Kampala, vijana walijijengea uwanja wa sketibodi wa zege mwaka 2006, wa kwanza katika Afrika Mashariki. Uwanja huo umewalea wengi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaweka kifungo cha maisha kwa tendo la jinsia moja na kifo kwa baadhi ya makosa. Atakayesema leo kwamba kwenye uwanja wowote wa Uganda hakuna mtu kama Anderson hana namna ya kujua, na sheria imehakikisha hatajua kamwe.

Kidugala ni mahali pa misheni ya Kilutheri tangu mwishoni mwa karne ya 19, na wasomaji wa huko watakumbusha kwamba maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walitoa tamko Dodoma mwaka 2010 kupinga ndoa za jinsia moja. Tamko hilo lipo na waumini wanalifahamu. Lakini linahusu kama ndoa hizo zikubaliwe au zisikubaliwe. Halisemi kwamba watu wenyewe hawako kanisani, katika kwaya, kwenye madawati ya seminari. Mchungaji aliyesikiliza siri za watu kwa miaka 30 hawezi kusema hivyo kwa dhamiri safi.

Mwaka 2018 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu yenye jina la Kiswahili, *Rafiki*, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwa tamasha la Cannes. Inaanza na Kena, msichana wa Nairobi aliyeigizwa na Samantha Mugatsia, akiteleza mtaani juu ya sketibodi. Anasalimiana na watu, hana haraka. Baadaye anampenda Ziki, binti wa mpinzani wa kisiasa wa baba yake. Bodi ya filamu ya Kenya ilitaka mwisho ubadilishwe, Kena aonekane akijuta. Kahiu akakataa, filamu ikapigwa marufuku. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku saba, akisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kutikiswa na filamu. Kwa siku hizo saba kumbi za Nairobi zilijaa. Watu walipanga foleni kumtazama msichana juu ya ubao, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakijiona kwenye skrini kwa mara ya kwanza, wamekaa gizani kando ya watu ambao mpaka asubuhi ile walikuwa na hakika kwamba hawapo.