Kocha ana kazi yake, mlezi ana yake

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijana mmoja wa Kapsisiywa, Nandi, alimwendea jirani yake Patrick Sang kumwomba ratiba ya mazoezi. Sang, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, hakumjua kijana huyo. Alimwandikia mazoezi ya wiki mbili tu. Wiki mbili zilipokwisha kijana akarudi kutaka mengine, kisha akarudi tena na tena. Muda ulipita kabla Sang hajauliza jina lake na kugundua kuwa ni mtoto wa mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe chekechea. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge. Baadaye Sang akavua saa yake ya mkononi, akampa.

Ratiba ya wiki mbili ni kazi ya kocha: kilomita ngapi, kwa kasi gani, siku ipi ya kupumzika, halafu muda wa mbio unatoa jibu. Kuvua saa ni jambo jingine. Hapo malezi yalikuwa yameanza.

Mwaka 2003 Kipchoge, akiwa na miaka 18, aliwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele mjini Paris na kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Mwaka 2012 akakosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mkimbiaji aliyeachwa nyumbani anaweza kupewa ratiba mpya na kocha yeyote. Linalomkosesha usingizi ni kama abaki uwanjani, aingie barabarani au aachane na riadha kabisa. Maswali ya namna hiyo hayajibiwi kwa ratiba. Yanahitaji mtu mzima aliyewahi kukimbia, kushindwa na kustaafu, na anayemjua kijana huyo tangu hajawa na jina. Mwaka uliofuata Kipchoge, akiwa bado na Sang, alishinda marathoni yake ya kwanza mjini Hamburg. Mwaka 2019 alikimbia umbali wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Kukuta kocha na mlezi katika mtu mmoja ni bahati adimu, na kosa la waajiri wengi ni kuifanya bahati hiyo kuwa utaratibu. Mfanyakazi mpya anaambiwa kwamba bosi wake ndiye kocha wake na ndiye mlezi wake. Bosi huyo huyo ndiye anayejaza fomu ya tathmini mwisho wa mwaka. Nani atakaa mbele yake akiri kwamba kazi imemshinda, au kwamba anawaza kuhama? Kijana atanyamaza, atatabasamu, na siku moja ataacha barua ya kujiuzulu mezani.

Ukocha wa maofisini una deni kubwa kwa michezo. Mwaka 1974 Mmarekani Timothy Gallwey aliandika kitabu kuhusu tenisi, akionyesha kwamba mchezaji hujifunza vizuri zaidi anaposaidiwa kujitazama kuliko anapofokewa maelekezo. Mwingereza John Whitmore, dereva wa zamani wa magari ya mashindano, aliyapeleka mawazo hayo kwenye uongozi wa kampuni. Kitabu chake cha mwaka 1992 kilieneza mazungumzo ya hatua nne: unataka kufika wapi, sasa uko wapi, una njia gani, na utafanya nini.

Kwa hiyo kocha halazimiki kuwa amepita njia yako. Bruda Colm O'Connell alifika Iten kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila kusomea riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wakimbiaji. David Rudisha, mmoja wa vijana wake, alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91.

Karani wa benki aliyepandishwa kuwa meneja wa tawi, na anayetetemeka kila anapoongoza kikao, anamhitaji kocha. Vikao vichache, lengo moja, kisha waagane. Lakini kocha huyo hawezi kumwambia ni mkopo gani unaonukia vizuri mezani na kuoza baada ya miezi sita. Hilo analijua mama aliyeongoza tawi kabla yake, na ambaye mkopo wa aina hiyo uliwahi kumfikisha mbele ya wakaguzi.

Malezi ya namna hii si mageni kwetu. Pwani, mwari hufundwa kwa siku chache, lakini humwendea somo yake, yaani mwanamke aliyemfunda, hata akiwa na wajukuu. Gereji nazo zimejaa wanagenzi wanaojifunza injini, na papo hapo wanajifunza jinsi ya kuzungumza na mteja asiye na hela. Ndiyo maana inauma kuona mhitimu asiye na kazi akitoa akiba yake kumlipa kocha wa maisha aliyempata mtandaoni. Atasaidiwa kuandika malengo mazuri, ila hatakuwa na mtu wa ndani ya fani yake wa kumwambia nafasi ziko wapi na wa kumtaja kwa jina anapokuwa hayupo.

Kampuni na wizara zinazopanga bajeti za mafunzo ziache kununua semina moja na kuiita ukocha na malezi kwa pamoja. Zilipie ukocha pale penye lengo linalopimika. Na kila mfanyakazi aliyebakiza miaka michache kustaafu akabidhiwe kijana mmoja wa idara nyingine, pamoja na saa za kazi za kukaa naye, kabla hajaondoka na yote anayoyajua.