Miezi ya Mshtarii: wafagizi na wapishi

WAHENGA walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini wakati mwingine dalili ni kile kisichokuwapo. Mwenye duka akikuta pengo kwenye rafu, hahitaji kumwona mwizi ili ajue amepita.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Desemba 1974, chombo cha anga cha Marekani, Pioneer 11, kilipoipitia sayari ya Mshtarii kwa karibu.

Mshtarii ina sumaku kali mno. Sumaku hiyo imenasa elektroni na protoni, yaani chembe ndogo sana zenye umeme, ambazo hukimbia huku na huku kati ya kaskazini na kusini zikiizunguka sayari. Zikikuta mwezi njiani, huugonga na kumezwa. Kwa hivyo kila mwezi hufagia njia yake, na chombo kikipita hapo huhesabu chembe chache.

Pioneer 11 kiliona hesabu ikishuka mahali ambapo hapakujulikana mwezi wowote. Mwaka wa 1976, wanasayansi Mario Acuña na Norman Ness wakasema huenda pale pana pete au mwezi uliojificha. Machi 1979 chombo kingine, Voyager 1, kikapiga picha. Kweli, pete ilikuwapo!

Hata hivyo, miezi haifagii tu. Mwezi uitwao Io una volkano nyingi, na karibu tani moja ya gesi ya salfa huuponyoka kila sekunde. Gesi hiyo hupata umeme, ikanaswa na sumaku, na baadhi ya chembe zake husukumwa hadi zikawa kali ajabu. Io basi ni mpishi anayechafua jiko na kulifagia papo hapo.

Chembe hizo huharibu kompyuta. Ndiyo maana chombo Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 14, 2024 na kinachotarajiwa kufika 2030, kimefungiwa mitambo yake ndani ya sanduku nene la metali. Kinakwenda kuuchunguza mwezi Europa, unaoaminika kuficha bahari chini ya barafu. Hakitakaa hapo, kitaupitia karibu mara 50, kama mama anayetoa kiazi jivuni: mkono ndani, mkono nje.

Usiku Mshtarii iking'aa, itazame kwa darubini ndogo. Nukta nne utakazoona kando yake ni Io, Europa, Ganymede na Callisto. Zinaonekana zimetulia, kumbe zi kazini.