Kabla ya kununua Benz ya dizeli, omba faili ya risiti

Lori lilipotugonga kwa nyuma pale Kinungi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu: mimi, binamu yangu, begi la kamera. Sote wazima, shukrani kwa Mungu na mshipi. Demio yangu haikuwa na bahati hiyo. Buti iliingia hadi kiti cha nyuma, na wiki chache baadaye mkaguzi wa bima akasema kuitengeneza ni ghali kuliko gari lenyewe. Nikalipwa thamani ya soko, wakakata ile sehemu ambayo mteja hubeba mwenyewe, nikabaki na Sh520,000. Nikaongeza akiba yangu ya miaka minne, Sh640,000. Sijawahi kushika pesa kama hizo kwa pamoja maishani mwangu.

Hapo ndipo presha ilipoanza. Kila msee kwenye mbogi alikuwa na ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja: "Chukua Mjerumani, bro. Dizeli." Na siwezi kusema walikuwa wamepotoka kabisa. Ukipitia matangazo ya magari jioni moja tu utaona Mercedes, BMW na Audi zilizokuwa za wadosi miaka kumi iliyopita zikiuzwa bei ya Axio au Fielder. Viti vya ngozi, injini yenye nguvu, na tanki moja inakupeleka Eldoret na kukurudisha. Nani atakataa?

Swali ambalo wengi wetu hatujiulizi ni moja: kwa nini ni rahisi hivyo?

Jibu ni kwamba bei ya gari huzeeka, bei ya spea haizeeki. Saluni iliyouzwa mamilioni ikiwa mpya inaweza kushuka hadi laki nane. Lakini injekta yake, tabo yake na gia boksi yake bado zinauzwa kama za gari la mamilioni. Yule mdosi wa kwanza alilipa gari. Wa pili akalipa sevisi kadhaa. Wa tatu alipoona taa ya njano kwenye dashibodi, akampigia broka. Wewe na mimi ndio tunaopigiwa simu na huyo broka.

Msimamo wangu ni huu. Kununua saluni ya kifahari ya dizeli iliyotumika si ujinga. Ujinga ni kuinunua kwa pesa zako zote, bila historia yake, kwa safari ambazo haikutengenezewa.

Tuanze na safari. Saluni nyingi za dizeli za miaka hii zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, mafundi wanakiita DPF. Kinayashika masizi, kisha kinayachoma joto likifika karibu nyuzi 600. Joto hilo hulipati ukisukumana na matatu Jogoo Road saa kumi na moja jioni. Linataka barabara wazi, kama dakika 15 au 20 za mwendo bila kusimamasimama. Ukizima gari katikati ya kazi hiyo kila siku, dizeli ya ziada iliyonyunyizwa kusaidia kuchoma inateremka kwenye oili. Unashangaa oili inaongezeka badala ya kupungua. Usifurahi. Imekuwa nyepesi, na injini imeanza kujila yenyewe.

Kumbuka pia kwamba magari haya yalizaliwa kwingine. Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli kutoka 500 hadi 50 kwa kila milioni mwaka wa 2015. Ulaya ilikuwa kwenye 10 tangu 2009. Dizeli ya 2012 iliyotoka Uingereza ilikuja ikiwa imezoea chakula kisafi kuliko kile ilichokikuta Mombasa.

Sasa hesabu. Tuseme lita ni Sh170 kwa mafuta yote mawili, maana kwenye bei za EPRA tofauti ya petroli na dizeli mara nyingi si kubwa. Ukikaa mjini na kuendesha kilomita 9,000 kwa mwaka, saluni ya petroli inayokwenda kilomita 9 kwa lita itakunywa lita 1,000. Ya dizeli inayokwenda kilomita 12 itakunywa 750. Umeokoa Sh42,500 mwaka mzima. Nilipouliza bei ya injekta mpya kwa wauza spea wawili, akiba hiyo iliisha kabla sijamaliza mazungumzo. Lakini ukiwa mtu wa safari ndefu, kilomita 30,000 kwa mwaka, petroli ikienda 12 na dizeli 16, unaokoa lita 625. Hiyo ni zaidi ya Sh106,000, na kichujio kinapata joto lake kila wikendi.

Mimi napiga picha za harusi Nakuru, Nyeri, Kericho. Dizeli inanifaa. Kama safari yako ni Rongai hadi mjini kila asubuhi na kulala kwenye foleni, chukua Axio au Mazda ya petroli ulale usingizi. Hakuna aibu.

Ukishajua dizeli inakufaa, usiulize "Benz ama BMW?" Uliza ni injini gani. BMW zenye injini ya N47, hasa za 2007 hadi 2011, zinajulikana dunia nzima kwa cheni ya taiming. Cheni hiyo iko nyuma ya injini, upande wa gia boksi, kwa hiyo kazi ya kuifikia ni kubwa na bili yake ni kubwa zaidi. Injini ya B47 iliyokuja kuanzia 2014 ina sifa nzuri zaidi. Mercedes yenye injini ya OM651 inafika mbali ikitunzwa, ila zile za mwanzo, 2009 na 2010, zilikuwa na shida ya injekta. Uliza kama zimebadilishwa, na uone risiti. Zile za BlueTEC zenye tanki la AdBlue zinataka kimiminika hicho kijazwe. Kikiisha, gari linakuonya, na ukipuuza linakataa kuwaka. Audi za dizeli za kabla ya 2015 nyingi zimo katika ile kashfa ya Volkswagen ya kudanganya vipimo vya moshi. Na kama jina la Kijerumani si lazima, Mazda Atenza ya dizeli ya lita 2.2 ni chaguo la maana, ila nayo hukusanya masizi kwenye njia za hewa ikitumiwa kwa safari fupifupi.

Nimesema risiti mara moja tayari. Nitaendelea kusema.

Kwa bajeti yangu, kuagiza kutoka nje hakukuwezekana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na saluni ya miaka saba ikishalipiwa ushuru wote haigusiki. Kwa hiyo nilibaki na magari yaliyokwisha kutumika hapa. Yadi moja ya hapa Nairobi walinionyesha saluni nyeusi ya Kijerumani, inang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mita ilisoma kilomita 84,000. Nilikaa ndani nikajiona mtu mkubwa. Nitasema ukweli: niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu siku hiyo nina hamu ya kuonyesha watu kwamba sikukosea. Gari lile lingenisemea bila mimi kufungua mdomo.

Lakini nilikuwa nimeenda na meki wangu, na yeye hakuangalia rangi. Aliangalia raba ya pedali ya breki, ilikuwa imeisha. Akaangalia usukani, ngozi ilikuwa laini na nyeupe pale mikono inaposhika. Kilomita 84,000 hazifanyi hivyo. Akagusa boneti, ilikuwa moto saa mbili asubuhi. Mtu alikuwa ameliwasha kabla hatujafika. Mwisho akaingiza kidole kwenye ekzosi, kikatoka cheusi tititi. "Kijana wangu," akaniambia, "hii DPF ilishatolewa. Kama ingekuwepo na inafanya kazi, hapa pangekuwa pasafi."

Kesho yake nilirudi bila kupiga simu. Injini baridi. Ilipowashwa, ikatoa mlio wa cheni uliodumu sekunde kadhaa, na moshi ukajaza yadi. Muuzaji akasema ni kawaida ya dizeli. Nikamshukuru, nikapanda matatu.

Na hapa naomba tuongee kidogo kuhusu hiyo biashara ya kutoa DPF. Fundi atakwambia ni njia rahisi: anakata, anatoa cha ndani, anadanganya kompyuta, taa inazimika. Yale masizi hayajaenda popote. Yameenda kwa mama anayechoma mahindi stejini na kwa mtoto anayevuka barabara kwenda shule. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka wa 2012. Ukiona bei ya kutunza kichujio huiwezi, basi gari hilo huliwezi. Kuwapa wengine bili yako si ujanja.

Kuna jambo jingine ambalo mtu aliyetoka kwenye ajali anafaa kulijua. Demio yangu haikutupwa. Mtu ameinunua, na huenda itarudi barabarani ikiwa na buti ya gari jingine. Magari ya kifahari hivyo hivyo. Kwa hiyo kama gari lilitoka Japani, omba karatasi ya mnada. Ikiwa na alama ya R au RA, liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kama lilitoka Uingereza, tafuta namba yake ya huko, kisha uangalie historia ya MOT kwenye tovuti ya serikali yao. Ni bure, na inaonyesha mita ilisoma ngapi kila lilipokaguliwa. Huko wanahesabu maili. Nimewahi kuambiwa "elfu tisini tu" kuhusu gari ambalo mita yake ilikuwa ya maili. Maili 90,000 ni karibu kilomita 145,000. Ukiwasha gari, taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameificha, na huenda mifuko yenyewe haipo. Baada ya Kinungi, hilo kwangu si jambo dogo.

Kisha nenda eCitizen, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kabla ya kutoa hata shilingi. Kuna magari mengi mazuri barabarani ambayo logibuku zake zimelala kwa wakopeshaji.

Gari nililonunua hatimaye nililipata Nakuru, kwa mzee mmoja mstaafu. C220 CDI ya 2010, rangi ya fedha, mkwaruzo kwenye bampa. Mita: kilomita 212,000. Nilipoituma picha kwenye grupu, nilichekwa. "Hiyo imezunguka dunia mara tano."

Ila mzee alikuwa na faili. Kabla hajanipa ufunguo, alinipa faili nene ya kijani. Ndani kulikuwa na sevisi kila kilomita 10,000, aina ya oili imeandikwa, ile ya 229.51 ambayo hailetei kichujio shida. Injekta zote nne zilibadilishwa, tarehe iko, risiti iko. Gia boksi ilibadilishiwa oili. Nikamuuliza, "Mzee, mbona unaiuza?" Akasema macho yake hayampi tena nafasi ya kuendesha usiku. Meki aliichunguza nusu siku, ikiwa baridi na ikiwa moto, akasoma kompyuta yake, akaingiza kidole kwenye ekzosi. Kilitoka kisafi.

Kilomita 212,000 zenye ushahidi ni bora kuliko 84,000 za kuambiwa.

Tulikubaliana Sh870,000. Zikabaki Sh290,000, ambayo ni robo ya pesa zangu, na hiyo robo haikuguswa kwa rimu wala muziki. Ya kwanza kutoka humo ilikuwa bima kamili. Kama Demio ingekuwa na ile bima ya kulipia watu wengine pekee, leo ningekuwa bado namfuata mwenye lori. Iliyofuata ilikuwa matairi mawili na sevisi. Iliyobaki inangoja taa ya njano, kwa sababu itawaka tu. Ni gari la miaka mingi, si malaika.

Hiyo robo ndiyo kipimo changu, na ningependa iwe chako pia. Ukihesabu pesa zako na kuona kwamba ukishalipa gari hubaki na kitu, shuka daraja moja. Nunua gari dogo zaidi, au jipya kidogo lenye jina la kawaida. Kuna vijana wengi wenye gari la kifahari lililoegeshwa kwa gereji miezi sita, wanapanda boda kwenda kulitembelea. Hilo nalo watu wanaliona.

Wiki iliyopita binamu alikaa tena kiti cha abiria, mara ya kwanza tangu ajali. Tulipita Kinungi kimya, akashika mshipi kwa mikono miwili. Hakusema lolote kuhusu nyota iliyo kwenye boneti. Aliuliza tu kama breki ziliangaliwa. Nikafungua droo ya dashibodi, nikamwonyesha risiti.