Traceroute Imesema Kweli, Msomaji Ndiye Kakosea

Mtandao ukianza kusuasua, lawama huiangukia ruta, na hoja huwa ni zilezile. Hizi nne hazina mashiko.

“Kila pakiti hupita kwenye prosesa ya ruta.” Sivyo. Katika ruta kubwa za watoa huduma, pakiti za kawaida husukumwa na chipu maalumu, wala prosesa haina habari nazo. Kazi ya prosesa ni kuzungumza na ruta jirani na kuzipa chipu orodha ya njia. Inayopandishwa kwake ni mizigo michache: pakiti zilizoandikiwa ruta yenyewe, na zile zilizoishinda chipu, kwa mfano zilizoishiwa TTL (hesabu ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita).

“Ruta ya nne imejibu kwa milisekunde 180, msongamano uko hapo.” Soma mstari unaofuata wa traceroute. Kama ya tano imejibu kwa 22, hoja imekufa, kwani pakiti ya kwenda ya tano imepita kwa ya nne. Traceroute hutuma pakiti zenye TTL ndogo makusudi zife njiani. Kutoa taarifa ya kifo hicho mara nyingi ni kazi ya prosesa, na haina haraka nayo. Hata nyota tatu mahali pa muda huenda zikawa kikomo cha majibu tu. RFC 1812 ya mwaka 1995 inapendekeza ruta iweze kukiweka. Shuku ucheleweshaji unaoendelea hadi mwisho wa safari.

“Pakiti zinazopanda kwa prosesa ni chache, hazidhuru.” Njia ya kupandia kwa prosesa ni nyembamba mno. Pakiti zikinaswa kwenye kitanzi hadi TTL ziishe, au mhalifu akizimwaga makusudi, huijaza. Salamu za BGP, itifaki ambayo ruta hupashana njia, nazo hupita humo humo. Zikikosekana kwa muda uliowekwa (RFC 4271 inapendekeza sekunde 90), jirani hukata kikao na kufuta njia zote alizopewa. Kebo ni nzima, chipu ni nzima, wateja hawapati kitu.

“Basi tuzizuie zote.” Ukizuia ARP, majirani hawaonani. Ukizuia taarifa ya ICMP ya “pakiti ni kubwa mno”, kurasa hukwama katikati. RFC 6192 ya 2011 inaonyesha namna ya kuchuja: BGP ipokewe kutoka kwa majirani wanaojulikana, SSH kutoka mtandao wa usimamizi, ICMP kwa kiwango maalumu, na zisizotambulika ziwekewe kikomo, ziada itupwe.

Kabla ya kuagiza ruta mpya, kagua idadi ya pakiti zilizotupwa katika kila foleni ya prosesa. Foleni ya BGP ikiwa inapoteza, rekebisha vikomo kwanza. Ruta mpya yenye vikomo vilevile itaanguka vilevile.